Kiharusi: Tazama Uso, Inua Mikono, Sikiliza Maneno, Shika Saa

Baba yangu mdogo alirudi kutoka msikitini na ndara moja. Ilikuwa Tanga, baada ya swala ya alfajiri. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu yeye mwenyewe hakushtuka. Ndara ya kushoto ilikuwa imemvuka kwenye ngazi ya baraza, naye akaendelea kutembea, unyayo mtupu ukiburuzika mchangani. Shangazi akamwuliza, "Kaka, ndara nyingine iko wapi?" Akajibu maneno yasiyoshikika. Tukasema ni usingizi. Akapewa chai, na chai ikamtiririka pembeni mwa mdomo mpaka kwenye kanzu. Hakuipangusa, maana hakuihisi.

Ndara, maneno, chai. Dalili tatu za kiharusi ndani ya robo saa, mbele ya watu wazima sita, na hakuna aliyezitambua. Tukamlaza apumzike. Mchana akaitwa mtu wa kumsomea. Jioni mguu ukawa hauinuki kabisa. Kesho yake tulipofika hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Ilianza saa ngapi?" Kila mmoja akatoa jibu lake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya swali hilo. Sehemu kubwa ya hatima ya mgonjwa wa kiharusi huamuliwa nyumbani kabla hajafika hospitali, na wanaoamua ni watu waliopo pale: mke, mtoto wa darasa la tano, dada wa kazi, jirani.

Kinachotokea kichwani

Ubongo hauna akiba. Damu ikikatika kwenda sehemu moja, sehemu hiyo huanza kufa ndani ya dakika chache. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika moja. Ndiyo maana kazi inayosimamiwa na sehemu hiyo, iwe ya mkono, ulimi au jicho, husimama ghafla.

Damu hukatika kwa njia mbili. Ya kwanza, bonge la damu iliyoganda linaziba mshipa. Hii ndiyo aina inayowapata wengi zaidi. Ya pili, mshipa unapasuka na damu inavuja ndani ya ubongo, mara nyingi kwa sababu ya presha iliyokaa juu miaka mingi bila matibabu. Kwa nje aina hizi mbili hufanana, na hata daktari mzoefu hawezi kuzitofautisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa. Kinachotoa jibu ni kipimo cha CT-scan, yaani picha ya ndani ya kichwa. Kumbuka hili, kwa sababu makosa mengi ya nyumbani yanatokana na kutibu kabla ya kujua ni aina ipi, na dawa ya aina moja ni sumu kwa nyingine.

Jaribio la dakika moja

Ukimwona mtu amebadilika ghafla, mfanyie mambo matatu hapo hapo alipo.

Kwanza, uso. Mwambie atabasamu au aonyeshe meno. Tazama kama upande mmoja wa mdomo umebaki chini, kama mate yanatoka upande huo, kama kope moja imelegea. Usimwulize kama anajisikia vibaya. Wagonjwa wengi wa kiharusi hukujibu kwamba wako salama, kwa sababu sehemu ya ubongo iliyopaswa kuwapa habari hiyo ndiyo iliyoumia.

Pili, mikono. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu kama mtu anayeomba dua, afumbe macho, kisha uhesabu mpaka 10. Mkono uliodhoofika utashuka taratibu au utapinduka kiganja kitazame chini. Wa mwingine hautashuka sana, ila akikushika mkono utahisi upande mmoja hauna nguvu. Hata mguu huonyesha: ndara inayovuka, unyayo unaokwaruza sakafu, mtu anayejigonga kwenye fremu ya mlango upande uleule kila anapopita.

Tatu, maneno. Mpe sentensi anayoijua tangu utotoni, airudie: "Haba na haba hujaza kibaba." Nimeichagua hiyo kwa sababu herufi zake zinadai midomo ifunge na kufunguka, na mdomo uliopooza utazikosea. Sikiliza kama ulimi ni mzito, kama anachanganya maneno, kama anakuelewa lakini hatoi sauti, au anaongea kwa ufasaha maneno yasiyo na maana.

Moja kati ya haya matatu likionyesha kasoro, na kasoro hiyo imeanza ghafla, linatosha. Usisubiri yatimie yote. Usingoje pia kuona kama yataongezeka.

Kuna ugonjwa mwingine wa neva ya uso unaopindisha uso peke yake, mkono na maneno vikabaki sawa. Wengi wameusikia, na baadhi hujipa moyo kwamba ndio huo. Usijaribu kuutofautisha nyumbani. Mpeleke, akakuambie daktari.

Dalili zinazotupita

Jaribio hilo hukamata viharusi vingi lakini si vyote. Kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo kinaweza kuacha uso na mikono bila kasoro, kikaja kama kizunguzungu kikali cha ghafla na kutapika, mtu akashindwa kusimama wima au akawa anayumba kama mlevi ilhali hajanywa. Mwingine huona vitu viwiliviwili, au jicho moja likawa giza kama pazia lililoshushwa, au akawa haoni vitu vya upande mmoja: anakula wali wa nusu ya sahani, nusu nyingine haioni kabisa. Kuna na maumivu ya kichwa yanayokuja kwa kishindo, ambayo mtu atakuambia hajawahi kuumwa hivyo maishani. Hiyo inaweza kuwa damu inavuja.

Ufunguo wa zote ni neno moja: ghafla. Ganzi inayokuja na kuondoka miezi mingi kwenye vidole vyote ni jambo la kumwona daktari kwa miadi. Ganzi iliyoshika mkono na mguu wa upande mmoja wakati mtu anapepeta mchele ni jambo la kutoka mbio.

Shika saa

Kabla ya kutafuta gari, tazama saa. Iandike, hata kwa kalamu kwenye mkono wako. Unayoitafuta ni saa ya mwisho mtu huyo kuonekana mzima, ambayo huenda ni tofauti na saa mliyomkuta ameanguka. Kama alilala saa nne usiku akiwa sawa, akaamka saa kumi na mbili asubuhi mdomo umepinda, saa ya kutaja ni nne usiku. Kama aliamka saa tisa kwenda msalani na mkewe akamsikia akiongea vizuri, basi ni tisa.

Ukiandika, andika kwa maneno: "saa mbili asubuhi". Tarakimu 2 peke yake inaweza kusomwa saa nane za usiku na mhudumu anayetumia saa ya hospitali, na hesabu nzima ikaharibika.

Sababu ya ukali huu ni dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo hutolewa kwa mshipa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kila robo saa inayopotea inapunguza faida yake. Ilikubaliwa kwa kiharusi nchini Marekani mwaka 1996. Baada yake ikaja njia ya kuvuta bonge kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo inaweza kufanyika hata mpaka masaa 24. Nisikudanganye: kwetu Afrika Mashariki matibabu haya yapo hospitali chache, na gharama yake ni kubwa. Lakini kuwahi kuna faida hata pasipo hayo. Mgonjwa aliyefika mapema hupimwa sukari, hushushiwa homa, huangaliwa kama anameza vizuri asipaliwe na chakula kikaingia mapafuni, na kama damu inavuja, daktari wa upasuaji wa ubongo huitwa mgonjwa angali hai. Mwenye bonge la damu huanzishiwa aspirini mapema baada ya picha. Wengi wanaokufa kwa kiharusi siku za baadaye huuawa na nimonia na mambo mengine ambayo uangalizi mzuri ungeyazuia.

Mkiwa mnangoja gari

Mlaze kwa ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo, hasa kama anatapika au hajitambui. Legeza kanga, tai, mkanda, vifungo vya shingoni. Toa meno ya bandia. Akipata degedege, usimkandamize wala usimtie kijiko mdomoni. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, na uhesabu dakika. Zungumza naye kwa utulivu hata kama hajibu, kwa maana wengi husikia.

Sasa mambo ambayo nakusihi usiyafanye, kwa kuwa nimeyaona yakifanywa kwa mapenzi makubwa.

Usimpe kitu chochote mdomoni. Si maji, si uji, si asali, si maji ya zamzam. Koo lililopooza halijui njia ya chakula na njia ya hewa, na kijiko kimoja cha uji kinaweza kuingia mapafuni.

Usimpe aspirini. Imeenea kwa sababu watu wamesikia inasaidia wagonjwa wa moyo. Kama mshipa umepasuka, aspirini inaongeza uvujaji.

Usimpe vidonge vya presha, na hasa usimwekee kidonge cha nifedipini chini ya ulimi. Presha ya mgonjwa wa kiharusi hupanda saa hizo. Ukiishusha kwa kishindo, ile sehemu ya ubongo inayopigania damu kidogo iliyobaki inakosa hata hiyo. Kazi ya kushusha au kutoshusha ni ya hospitali.

Usimtoboe vidole wala ndewe za masikio kwa sindano. Ujumbe unaosema damu ikitoka matone mgonjwa anapona umezunguka kwenye simu zetu miaka mingi. Hauna ukweli, na unakula dakika. Vivyo hivyo kuchanja chale, kuchua kwa mafuta ya moto, kumwogesha maji baridi.

Kama ana kisukari na kipimo kipo nyumbani, mpime na uandike namba. Sukari iliyoshuka mno inaweza kuiga kiharusi sawasawa, na kituo cha afya cha karibu kinaweza kumtundikia dripu ya sukari akaamka palepale.

Kuhusu kisomo na maombi. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliwauliza watu chanzo cha kiharusi ni nini. Dar es Salaam wengi walitaja majini na uchawi. Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Watu wa mjini, wenye hospitali karibu, ndio waliokuwa na imani inayowapeleka kwingine kwanza. Sitaki kumvunjia mtu imani yake, na mimi mwenyewe nimelelewa kwenye nyumba ya dua. Ninachoomba ni kwamba aya zisomwe ndani ya gari, na sala zifanyike kwenye benchi la hospitali. Mungu anasikia kutoka kule pia.

Gari, hospitali na ruhusa

Namba ya dharura Tanzania ni 112, Kenya ni 999 au 112. Walioko Uingereza wapige 999, Marekani 911, nchi za Umoja wa Ulaya 112, waseme kiharusi, na wasijiendeshe wenyewe. Kwa wengi wetu huku nyumbani, gari la haraka ni la jirani au teksi. Bajaji inafaa, mtu mmoja akikaa nyuma akamwegemeza mgonjwa kwa ubavu. Bodaboda haifai: mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kujishikilia.

Mpeleke hospitali yenye CT-scan kama ipo ndani ya mwendo unaofikika. Hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta au hospitali kuu ya Pwani Mombasa, zinayo, na siku hizi hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania zimepata mashine hiyo. Ulizia leo, ukiwa mzima: hospitali gani karibu nasi ina CT-scan, na je, inafanya kazi usiku? Kama iko mbali sana au mgonjwa hapumui vizuri, nendeni kituo cha karibu, lakini mwambieni mhudumu kwa neno hilohilo, kiharusi, mtaje na saa, ili rufaa iandikwe haraka.

Lililotuchelewesha sisi zaidi ya yote halikuwa gari. Lilikuwa kikao. Kaka mkubwa alikuwa Muheza, ikabidi asubiriwe. Mwingine alitaka ijulikane nani analipa. Kaeni kama familia, siku ambayo hakuna mgonjwa, mkubaliane jambo moja: yeyote aliyepo nyumbani dalili zikitokea ana ruhusa ya kuondoka na mgonjwa bila kumwuliza mtu. Wazee watapigiwa simu mkiwa njiani. Ukweli ni kwamba hakuna mzee atakayekasirika.

Kisha andikeni karatasi mbandike nyuma ya mlango: dawa anazotumia kila mtu na kipimo chake, dawa zinazomdhuru, hospitali mliyoichagua, namba za madereva wawili wanaopokea simu usiku, mahali kadi ya bima na vitambulisho vilipo. Siku ya tukio beba pia dawa zenyewe kwenye kikapu. Kama anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hilo liwe neno lako la pili baada ya saa.

Dalili zikipotea zenyewe

Hapa watu wengi huangamia. Mama anaangusha kikombe, mdomo unapinda, dakika 20 baadaye yuko sawa na anacheka. Nyumba nzima inashukuru na mambo yanaisha.

Hicho ni kiharusi cha muda. Bonge liliziba mshipa kisha likayeyuka au likasogea. Hatari ya kiharusi kamili baada ya hapo ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote katika siku 2 zinazofuata. Mtu huyu anatakiwa hospitali siku hiyohiyo, apimwe presha, sukari, mapigo ya moyo na mishipa ya shingo, aanzishiwe dawa. Akikataa kwa sababu anajisikia vizuri, mwambie ukweli kwa upole, na umpeleke. Nafasi ya kuonywa mapema hivi, wagonjwa wengi hawaipati.

Kupunguza hatari: anza na presha

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya kwa wakazi wa Hai na wa Dar es Salaam. Wakishasawazisha umri, Hai walipata takribani 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam takribani 316. Nchi moja, tofauti karibu mara tatu. Utafiti mwingine mkubwa wa nchi 32, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kuwa mambo 10 yanayoweza kubadilishwa yanahusika na karibu asilimia 90 ya viharusi, na presha peke yake karibu nusu. Kwa hiyo kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu, shughulika na presha.

Presha haiumi. Watu husema, "Mimi presha yangu ikipanda naijua, kichwa kinagonga." Wengi wenye presha ya 180 kwa 110 hawasikii chochote, wanalima, wanacheza ngoma, wanasafiri. Kipimo pekee ndicho kinachosema.

Kupima kuna adabu yake. Usipime ukitoka kupanda ngazi au kugombana. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, pumzika dakika 5 bila kuongea. Mkono uwekwe mezani, mkanda ukiwa juu ya kiwiko kwenye ngozi tupu, usawa wa moyo. Pima mara 2, ukiacha dakika moja au mbili katikati, na uandike zote kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama mkono ni mnene, omba mkanda mkubwa, kwa sababu mkanda mdogo hutoa namba kubwa ya uongo. Mashine za kifundo cha mkono zinadanganya kwa urahisi. Nunua ya mkono wa juu, na usione aibu kuchanga na majirani mkatumia moja.

Hospitalini, 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti ni presha ya juu. Nyumbani, ambako mtu ametulia, 135 kwa 85 inatosha kukupeleka kwa daktari. Kila mtu mzima apime angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye mzazi aliyepata kiharusi asisubiri afike miaka 40. Huku kwetu kiharusi huwapata hata walio katikati ya umri wa kufanya kazi.

Ukishaandikiwa dawa, iwe amlodipini, losatani au ile ya kukojosha, utakutana na mtego uleule uliomnasa baba mdogo. Alitumia miezi mitatu, akapima, akakuta 128 kwa 80, akafurahi, akaacha. Presha ilishuka kwa sababu dawa ilikuwa mwilini. Ukiiacha, inarudi, na hairudi na kengele. Dawa ikikuvimbisha miguu au kukukohoza, rudi kwa daktari akubadilishie, zipo nyingi. Ukikosa pesa, mwambie pia, kwa sababu zipo za bei nafuu zinazofanya kazi sawa. Unga kidonge na jambo usilolisahau, kama kupiga mswaki. Wanaofunga Ramadhani wamwone daktari Shaaban, wapangiwe kidonge cha daku au cha futari, badala ya kujipangia wenyewe.

Na angalia dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kama pipi kwa ajili ya mgongo na magoti, hupandisha presha zikitumiwa mfululizo.

Chumvi, na magadi

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa yote iliyomo kwenye chakula. Nani anapima chumvi jikoni? Tumia hesabu ya pakiti. Familia ya watu wazima 5 ikila gramu 5 kila mmoja ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo inatakiwa idumu siku 20 au zaidi. Andika tarehe juu ya pakiti siku unayoifungua. Kwetu ilikuwa inaisha siku 11.

Kisha kumbuka isiyo kwenye pakiti: viungo vya mchuzi vya vidonge, samaki wa ng'onda, achari, chumvi inayonyunyizwa juu ya chipsi na mihogo barabarani, na mkate. Magadi ndiyo husahaulika zaidi. Tunayatia kwenye maharage, makande na mlenda ili vilainike, na magadi ni sodiamu kama chumvi ilivyo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, na hutahitaji magadi.

Mama yangu alipunguza kidogokidogo kwa wiki 3, akaongeza ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, na hakuna aliyelalamika mezani ila babu. Mboga za majani, maharage, ndizi na matunda yana potasiamu inayosaidia kushusha presha, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima aulize kwanza. Punguza mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa. Tembea kwa mwendo wa kukutoa jasho dakika 150 kwa wiki. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya kwako, kwenda na kurudi, kunakufikisha.

Mengine ya kuangalia

Kisukari kipimwe pamoja na presha, na kolestero ukiweza. Sigara, shisha na ugoro vyote huharibu mishipa, na faida ya kuacha huanza mapema. Pombe nyingi hupandisha presha, gongo ikiwamo.

Moyo unastahili sentensi zaidi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Mapigo yaende kama mchi wa mtwangaji mmoja. Yakiwa ya vurugu, mara mawili ya haraka, mara kimya, bila mpangilio, nenda ukapimwe moyo kwa mashine. Moyo wa namna hiyo hutengeneza mabonge yanayosafiri mpaka kichwani, na dawa ya kuyazuia ipo. Kwa vijana wetu, chanzo huwa pia milango ya moyo iliyoharibika kutokana na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Mtoto wa shule mwenye koo linalouma na homa apelekwe zahanati, amalize dozi.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi akiwa hata chekechea. Mzazi amwulize daktari kuhusu kipimo cha kasi ya damu kichwani na dawa ya haidroksiyurea. Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, maluweluwe na uso kuvimba apimwe presha saa hiyohiyo, na uangalifu uendelee wiki zote za arobaini yake. Mwanamke mwenye presha asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Zipo njia nyingine. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aendelee na dawa zake, kwani virusi visipodhibitiwa huongeza hatari hii.

Akirudi nyumbani

Hili linahitaji mwongozo wake, kwa hiyo nitasema machache. Mgeuze kila masaa 2 asipate vidonda. Usimwinue kwa kuvuta mkono uliopooza, bega litachomoka; mshike kiunoni. Mlishe akiwa ameketi wima, vitu laini, kidogokidogo, na akikohoa simama. Mazoezi ya viungo yaanze mapema na yafanyike kila siku, kwa sababu miezi ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa. Akilia bila sababu au akikataa kuongea, usimkemee. Huzuni baada ya kiharusi ni ugonjwa wenye tiba. Dawa za kuzuia kiharusi cha pili ni za kudumu.

Baba mdogo yupo. Anatembea kwa fimbo na viatu vya kufunga kwa mkanda, na mkono wa kushoto anautumia kushikilia karatasi wakati wa kulia unaandika namba za presha kwenye daftari. Shangazi, kila asubuhi kabla hajawasha jiko, husimama mlangoni kwake. "Shikamoo, kaka." Kisha hatoki pale mpaka asikie "Marahaba" yote, mwanzo hadi mwisho, na aone midomo yake ikifungana sawasawa.